Makao ya Watu Kama Ninyi

Mwaka jana nilizunguka wiki tatu na rafiki yangu kutafuta chumba cha kupanga. Mbagala, Temeke, Tandika, kisha tukarudi Mbagala tena. Dalali wetu alikuwa kijana mchangamfu, mwenye simu mbili na maneno mengi. Kodi ilikuwepo, ya miezi sita, taslimu. Rafiki yangu ni fundi simu, anajitegemea, hadaiwi na mtu hata hela ya maji. Tofauti yake na wapangaji wengine ni moja tu: anatembelea kiti cha magurudumu tangu ajali ya bodaboda ilipomuumiza uti wa mgongo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na ngazi nne mlangoni. Ya pili ilikuwa na ngazi mbili, tukambeba, lakini mlango wa chumba ulikuwa mwembamba, kiti kikagoma. Ya tatu tuliingia vizuri, tukafurahi, hadi tulipokwenda kukitazama choo cha uani. Ya nne mwenye nyumba alisema chumba kimeshachukuliwa, na dalali akaangalia pembeni. Ya tano ndiyo iliyonifanya niandike insha hii.

Mwenye nyumba ile alikuwa mama mtu mzima, mwenye heshima zake. Alitukaribisha barazani, akatupa maji ya kunywa, akamsikiliza rafiki yangu mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hela si tatizo. Lakini usiku ukizidiwa, nani atakushika? Kwani hakuna makao ya watu kama ninyi?"

Angetutukana tungejua la kumjibu. Lakini yule mama alisema vile kwa huruma, na huruma haina jibu la haraka. Rafiki yangu alisema tu, "Shikamoo mama, asante kwa maji," tukaondoka. Njia nzima hatukuongea.

Mimi nilirudi nyumbani na yale maneno: makao ya watu kama ninyi. Nikajiuliza, hivi hayo makao yakoje? Nani aliyabuni? Na wale waliokaa humo wanasemaje? Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba swali la yule mama lina historia ndefu, na kwamba wapo watu walioishi ndani ya makao ya namna hiyo, wakayajua kwa ndani, wakayaandikia, wakatoka. Kundi mojawapo lililoandika mapema na kwa ukali lilikuwa Uingereza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuvuke bahari kidogo. Mbagala tutarudi.

Mwaka 1945 rubani mmoja wa Uingereza, Leonard Cheshire, alitumwa kwenda kushuhudia kwa macho yake bomu la atomiki likiangushwa Nagasaki. Vita vilipokwisha alirudi kwao na nishani ya juu kabisa ya ushujaa na moyo usiotulia. Akapata jumba kubwa la kizamani huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, lililoitwa Le Court. Humo alijaribu kuwakusanya watu waliotoka vitani waishi kwa ushirika. Ushirika ukavunjika, watu wakatawanyika, yeye akabaki na jumba na madeni. Mwaka 1948 akapata habari kwamba mmoja wa waliowahi kuishi naye, Arthur Dykes, anakufa kwa saratani na hana pa kwenda. Cheshire akamchukua, akamuuguza kwa mikono yake mwenyewe mpaka akafariki.

Habari zikasambaa. Wakaja wagonjwa wengine, wakaja vijana wenye ulemavu ambao hospitali hazikujua ziwapeleke wapi. Jumba moja likazaa mengine, na jina la Cheshire likavuka mipaka hadi kwetu Afrika Mashariki. Nje kidogo ya Kampala, kwa mfano, kuna Katalemwa Cheshire Home, inayohudumia watoto wenye ulemavu.

Tusimkejeli mtu huyu. Wakati ule kijana aliyepooza Uingereza, kama familia yake haikummudu, mara nyingi aliishia kwenye wodi ya wagonjwa wa kudumu, kitanda chake katikati ya vitanda vya wazee waliokuwa wakingoja kufa. Ukilinganisha na wodi ile, Le Court ilikuwa ahueni kubwa. Ila ahueni nayo ina tabia yake: ukiipata, unatakiwa ushukuru, na anayeshukuru kila siku hapati nafasi ya kulalamika.

Paul Hunt alifika Le Court mwaka 1956, kijana wa miaka 19, akitokea hospitali. Ugonjwa wa misuli ulikuwa unamla nguvu taratibu. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1954, Le Court ilikuwa imepata jengo jipya. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii ngazi wala milango myembamba. Ukimpeleka rafiki yangu pale angezunguka na kiti chake kama mfalme. Basi tatizo lilikuwa nini?

Tatizo lilikuwa kwamba nyumba haikuwa yake. Hunt na wenzake walikuwa watu wazima, lakini walipangiwa saa ya kulala. Walibishana na uongozi kuhusu haki ya kunywa bia. Walibishana kuhusu haki ya mwanamume na mwanamke kupendana bila kuchunguzwa. Walibishana kuhusu kutoka nje ya geti bila kutoa taarifa kama watoto wa bweni. Na juu ya yote hayo palikuwa na hofu ya kuhamishwa: mkaidi angeweza kuambiwa afungashe. Nani angekuwa na ujasiri wa kudai bia wakati kitanda chenyewe ni cha kupewa?

Wakajipanga. Walikuwa na kamati yao ya wakazi, wakashinda vita vidogo vidogo kimoja baada ya kingine. Kisha wakafanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza kwa matumaini yake: wakaomba watafiti waje wachunguze maisha yao, wakiamini kwamba mwenye elimu akiona ataungana nao. Watafiti wawili, Eric Miller na Geraldine Gwynne, wakaja miaka ya 1960. Kitabu chao kilitoka mwaka 1972. Kilikiri kwamba kuingia kwenye makao ya namna ile ni kama kufa kijamii kabla ya kufa kwa mwili. Lakini baada ya kukiri hivyo, ushauri wao ukawa ni namna ya kuyaendesha makao vizuri zaidi! Hunt alihisi amesalitiwa. Kwake lilikuwa kama kumwita mtu aone moto, naye akakushauri rangi ya kupaka ukuta unaoungua.

Wakati huo Hunt mwenyewe alikuwa ameshatoka. Alimpenda Judy, mfanyakazi wa palepale Le Court, wakaoana, na mwaka 1970 wakahamia London. Angeweza kunyamaza, maana yake yalikuwa yamemnyookea. Hakunyamaza. Tarehe 20 Septemba 1972 gazeti la Guardian lilichapisha barua yake kwa mhariri. Ilikuwa barua fupi. Alieleza jinsi watu wenye ulemavu mkubwa walivyotengwa kwenye taasisi, ambamo maoni yao hupuuzwa na wengine huonewa kikatili, kisha akapendekeza kiundwe chama cha wao wenyewe. Anayetaka aandike. Basi.

Hapa nawaomba wenzangu tunaojaribu kuandika tusimame kidogo. Mara nyingi tunaulizana kwenye vijiwe vyetu, uandishi unabadilisha nini? Hunt alikuwa ameshajifunza kuandika humohumo Le Court. Makao yale yalikuwa na gazeti lao dogo, liitwalo Cheshire Smile, nalo lilimpa nafasi ya kunoa kalamu. Mwaka 1966 alihariri kitabu cha insha za watu wenye ulemavu wakieleza maisha yao kwa mdomo wao. Barua ya 1972 ilikuwa na mizizi.

Watu wakajibu. Kikaundwa chama kilichojulikana kwa herufi za Kiingereza UPIAS, yaani umoja wa wenye ulemavu wa viungo wanaopinga kutengwa. Wanachama wangekutana wapi? Wengine walikuwa kwenye makao kaskazini, wengine kusini, mabasi hayapandiki, treni zinawapakia pamoja na mizigo. Wakakutana kwa barua. Hunt alikusanya barua zao, zikachapwa kuwa waraka, waraka ukarudi kwa wote, wakajibizana tena. Ulikuwa waraka wa siri, kwa sababu aliye ndani ya makao akijulikana ameandika nini kuhusu wanaomvisha na kumlisha, kesho yake asubuhi itakuwaje? Kwa zaidi ya mwaka walibishana namna hiyo, hadi mwishoni mwa 1974 wakawa na msimamo mmoja. Msimamo wenyewe haukuwa wa kuboresha makao. Ulitaka makao yaishe, na badala yake watu wapate fedha, vifaa na msaada wa kuishi popote wanapotaka.

Mmoja wa waliojiunga mapema alikuwa Mwafrika wa kusini, Vic Finkelstein, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1938. Alivunjika shingo akiwa kijana kwenye mchezo wa kuruka kwa upondo. Serikali ya makaburu ilimfunga kwa kuwasaidia wapinzani wa ubaguzi, na alipotoka ikampa amri ya kumzuia asifanye hiki wala asiende kule kwa miaka mitano. Baadaye alisimulia kwamba amri ile haikumbadilishia sana maisha: mahali pengi alipokatazwa na serikali alikuwa ameshakatazwa na ngazi. Mwaka 1968 alifika Uingereza akiwa mkimbizi. Alipowasikia kina Hunt wakieleza makao yaliyojengwa pembeni, kwa ajili ya watu fulani tu, yakiendeshwa na wasio watu hao, na yote ikiitwa kwa faida yao, alilijua jambo hilo bila kufundishwa. Kwao lilikuwa na jina, na sote tunalijua jina hilo.

Ni Finkelstein aliyetunga, mwaka 1975, kisa cha kijiji. Nakieleza kwa maneno yangu. Kuna kijiji ambacho wakazi wake wote wanatumia viti vya magurudumu. Wasanifu majengo wao, nao wakiwa kwenye viti, wanaona dari za juu ni upotevu wa fedha, kwa hiyo wanajenga dari fupi na milango mifupi. Siku moja wanahamia watu wachache wanaotembea kwa miguu. Wanagonga vichwa, wanatembea wameinama, migongo inauma. Madaktari wanawapima na kuwaandikia kofia ngumu za kuvaa. Hawapati kazi. Vyama vya hisani vinawachangishia. Mpaka wao wenyewe wanapokaa pamoja na kuulizana: hivi tatizo ni urefu wetu, au ni hizi dari?

Hicho ni kisa. Sasa tuje kwenye matofali.

Ken Davis na Maggie Hines walikuwa wanachama wa UPIAS, wote wawili wakitumia viti vya magurudumu. Walipendana na walitaka kuishi pamoja. Msaada ulikuwepo ndani ya taasisi, na nyumba zilikuwepo mtaani, lakini nyumba yenye msaada mtaani haikuwepo. Wakaamua kuibuni. Hawakuomba jumba maalumu. Walichotaka ni fleti za kawaida, kwenye mtaa wa kawaida, zenye mpangilio wa kusaidiana.

Mtaa wenyewe ni Grove Road, katika mji mdogo wa Sutton-in-Ashfield, mkoa wa Nottinghamshire. Namba 28 hadi 38. Jengo la ghorofa moja lenye fleti sita. Tatu za chini ziliwekewa milango mipana, jiko linalofikika, bafu linaloingilika, kwa ajili ya watu wenye ulemavu na familia zao. Tatu za juu zilikuwa za familia zisizo na ulemavu, ambazo kabla ya kupewa fleti zilielezwa wazi: majirani zenu wa chini watahitaji msaada wakati fulani, mko tayari? Waliokubali ndio waliohamia. Wakazi wa chini waliweza kuwaita wa juu wanapohitaji mkono. Mwaka 1976 watu wakaingia.

Fedha je? Hapa vijana wengi tunaosoma historia huwa tunaruka, kwa sababu fedha haina mashairi. Lakini bila sehemu hii Grove Road ingebaki mchoro. Aliyejenga alikuwa chama cha nyumba, yaani shirika lisilo la faida linalojenga na kupangisha. Sheria ya nyumba ya mwaka 1974 ilikuwa imeanza kuvipa vyama vya namna hiyo ruzuku ya ujenzi kutoka serikalini, ili kodi isipande kumshinda mpangaji wa kipato cha chini. Kabla yake, sheria ya mwaka 1970 iliyosukumwa bungeni na mbunge Alf Morris ilikuwa imezitaka halmashauri zinapopanga nyumba ziyafikirie mahitaji ya wenye ulemavu. Kwa hiyo kina Davis hawakwenda kuomba sadaka. Walikwenda na michoro yao wakiwaambia wakubwa: sheria yenu hii, ruzuku yenu hii, na sisi wapangaji tuko hapa.

Nikisema Grove Road ilimaliza kila kitu nitakuwa nadanganya. Msaada wa jirani una mipaka yake. Jirani anaugua, anahama, anachoka. Na hata asipochoka, wewe unayesaidiwa unapima kila ombi: leo nimemwita mara mbili, nikimwita ya tatu ataniona vipi? Kina Davis walilijua hilo, ndiyo maana walienda mbele. Mwaka 1985 walishiriki kuanzisha kituo cha maisha ya kujitegemea Derbyshire, chombo kinachoongozwa na wenye ulemavu wenyewe, ili msaada upangwe kama huduma na usibaki kuwa hisani ya wa ghorofani.

Na Le Court kwenyewe? Moto wa Hunt haukuzimika alipoondoka. Mwaka 1979, mwaka uleule aliofariki Hunt, kundi jipya la wakazi pale, wakiwemo John Evans na Philip Mason, lilianza mpango walioupa jina la Project 81, kwa sababu mwaka 1981 ulikuwa umetangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu. Hoja yao ilikuwa rahisi kama hesabu ya dukani. Halmashauri inalilipa jumba hili fedha kwa ajili yangu. Fedha hizohizo nipeni mimi, nitapanga nyumba yangu na kumwajiri msaidizi wangu. Sheria ya mwaka 1948 ilikataza mtu kupewa fedha mkononi. Wakapata upenyo: fedha zikapitia Le Court, na Le Court ikazipitisha kwao. Fikiria hilo, msomaji. Makao yale yale yakawa mfereji wa kuwatolea nje wakazi wake! Mwaka 1983 John Evans alikuwa nje, kwenye nyumba yake. Sheria ilichelewa kuwafikia: kulipwa moja kwa moja kuliruhusiwa na sheria ya mwaka 1996. Na mwaka 1999 kanuni za ujenzi za Uingereza zikaanza kutaka nyumba mpya za kuishi ziwe na njia ya kuingilia na mlango ambao mgeni mwenye ulemavu anaweza kuupita. Miaka 24 tangu kisa cha dari fupi.

Usidhani historia hii ni mteremko mzuri wa kupanda tu. Mfuko wa taifa wa Uingereza ulioanzishwa mwaka 1988 kuwasaidia wenye ulemavu mkubwa kuishi majumbani mwao ulifungwa mwaka 2015, mzigo ukasukumiwa serikali za mitaa. Le Court nayo ilifungwa, na hilo walilitaka wenyewe. Mfuko hawakutaka ufungwe. Kilichopatikana kwa barua kinaweza kupotea kwa bajeti.

Haya, turudi Mbagala.

Siku niliyosoma habari za Grove Road nilichukua karatasi nikachora: fleti sita, tatu huku tatu kule, msaada ukitembea kati ya mlango na mlango. Nikautazama ule mchoro nikacheka peke yangu. Kumbe naujua! Ni nyumba yetu ya Kiswahili. Korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, nyuma ua, na uani jiko, stoo na choo. Sita kwa sita. Waingereza iliwabidi wabuni utaratibu na kuchagua familia ili kupata kitu ambacho mpangaji wa Temeke anakipata kwa kufungua mlango asubuhi: jirani anayejua kwamba leo hujatoka, anayegonga kuuliza kulikoni. Yule mama aliuliza nani atakushika usiku. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na wapangaji watano wengine, na nilipokuwa pale nilimwona mmoja akimbebea mwenzake mtoto ili apepete mchele.

Sisi tunacho kile ambacho Le Court haikuwa nacho. Tunakosa kile ambacho Le Court ilikuwa nacho, yaani mlango na choo. Na hivi viwili, kwa kweli wa Mungu, ni vya bei ndogo kuliko ujirani, vikifanywa kwa wakati wake. Muulize fundi yeyote. Fremu pana kidogo wakati wa kujenga ni tofali chache zisizojengwa. Mteremko badala ya ngazi, kama msingi haujainuliwa sana, ni kifusi na zege. Lakini subiri nyumba iishe, ipigwe lipu, ipakwe rangi, ndipo uombe mlango upanuliwe. Hapo utasikia bei, na utasikia na maneno.

Sheria hatukosi. Mwaka 1982 Tanzania ilitunga sheria ya matunzo ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao, ambao ibara yake ya 19 inasema mtu mwenye ulemavu achague mwenyewe aishi wapi na nani, asilazimishwe kuishi kwenye makao fulani. Mwaka 2010 ikaja sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Kutoka neno "matunzo" hadi neno "haki" ni safari, na wapo waliohangaika tuifike. Lakini dalali hasomi sheria, na mwenye nyumba hajaambiwa na mtu kwamba ngazi zake nne zina historia.

Rafiki yangu alipata chumba hatimaye, nyumba ya nane. Mwenye nyumba, mzee mmoja mstaafu, alimwambia, "Kijana, mimi nyumba yangu ina ngazi, ila kama una fundi wako, jenga unavyotaka, tutakatana kwenye kodi." Tukanunua mifuko miwili ya saruji, jirani akatuazima koleo, Jumapili moja mteremko ukaisha. Wa kwanza kuupita hakuwa rafiki yangu. Alikuwa kijana wa maji na mkokoteni wake wa madumu, kabla hata saruji haijakauka vizuri, tukamfukuza kwa kelele. Siku hizi unapitwa na kila mtu: baiskeli za watoto, ndoo za mkaa, bibi wa chumba cha pili ambaye magoti yanamsumbua na ambaye zamani alikuwa anashuka ngazi kwa kukaa.

Choo bado. Mlango wa choo ni mwembamba na ukuta wake umeshika ukuta wa jirani, fundi anasema ukiuvunja utavunja na mengine. Kwa hiyo kila siku rafiki yangu anakiacha kiti chake uani, anashuka chini, anaingia kwa mikono. Nilimwomba ruhusa niandike hili. Akafikiri, akasema, "Andika, ila usilipambe."

Ng'ambo ya barabara kuna mtu anajenga. Vyumba sita, korido katikati. Msingi umeshachimbwa, mchanga na kokoto vimeshushwa juzi, na choo wamekipimia kamba uani, chembamba kama vingine vyote vya mtaa huu. Kesho asubuhi nakwenda na rafiki yangu kumwona mwenye kiwanja. Tunabeba futi ya fundi na ule mchoro wangu wa milango sita. Tumeambiwa zege la msingi linamwagwa Jumamosi.